Nani alinihesabia dakika ninazokaa na wanangu?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Tanga mwenye watoto watatu. Anakaanga maandazi ya kuuza tangu alfajiri. Mumewe ni dereva wa lori la kwenda Tunduma na ng'ambo ya mpaka, na nyumbani huonekana siku nne au tano kwa mwezi. Amesikia redioni kwamba utafiti umeonyesha wazazi wa siku hizi wanakaa na watoto wao dakika chache tu kwa siku, na hakupendezwa. Ameandika hivi: "Kwangu hajaja mtu na saa yake. Nani alinihesabia? Na ile saa moja na nusu ya alfajiri, mimi nakaanga na mwanangu wa pili ananisomea pembeni, inaandikwa wapi? Na baba yao anayepiga simu kila usiku, naye anahesabiwa kuwa hayupo?"

Dada yangu, pole kwa kukasirishwa na redio, na ahsante kwa swali la jikoni. Nimefundisha wadadisi, yaani wale wanaohoji watu kwa ajili ya tafiti, miaka mingi, na swali hilo huwa nawatupia siku ya kwanza kabisa ya mafunzo. Wengi hulikosa.

Kwanza, hakuna anayekaa mlangoni na saa ya mkononi, au tuseme ni wachache mno wanaofanya kitu cha namna hiyo, nao nitawataja. Njia inayotumika zaidi ni shajara ya muda. Mdadisi anakaa nawe, anakuuliza habari za jana tu, kuanzia saa kumi alfajiri mpaka saa kumi ya alfajiri iliyofuata. Uliamka saa ngapi? Ukafanya nini? Mpaka saa ngapi? Ulikuwa wapi? Nani alikuwa nawe? Halafu? Hilo "halafu" ndilo kazi yenyewe. Mdadisi mzuri analisema mara arobaini bila kukuchosha.

Utauliza, kwa nini wasiulize moja kwa moja: "Kwa wiki unakaa na watoto saa ngapi?" Wapo waliouliza hivyo, na bado wapo. Tabu ni kwamba wiki ina saa 168 na haiongezeki. Mtu akiulizwa kazi peke yake, usingizi peke yake, watoto peke yake, ibada peke yake, kila jibu anaweka mkono kidogo kwenye mizani, na ukija kujumlisha unakuta wiki yake ni ndefu kuliko ya wenzake. Swali la watoto ndilo baya kuliko yote, maana mama hajibu alichofanya, anajibu anachodhani mama mwema hufanya. Shajara inapunguza hilo. Siku ina saa 24, ukitaka kuongeza dakika za watoto lazima uzing'oe mahali pengine, na watu wengi hawana uongo wa kutosha kujaza siku nzima.

Njia hii ni ya zamani. Mrusi Stanislav Strumilin alikusanya bajeti za muda, yaani hesabu za saa za siku zilivyotumika, za familia za wafanyakazi wa Moscow miaka ya 1920. Mwaka 1965 Alexander Szalai wa Hungaria akaongoza utafiti wa nchi 12 kwa mpigo, za upande wa Kikomunisti na za Magharibi, kwa shajara ya aina moja. Leo Marekani wanafanya kila mwaka tangu 2003, kwa simu, wakimhoji mtu mmoja katika kila kaya. Ulaya wanampa kila mwanakaya kuanzia miaka 10 daftari lililogawanywa vipande vya dakika kumi kumi, siku moja ya kazi na moja ya mapumziko, ajaze mwenyewe.

Kwetu daftari la kujaza mwenyewe ni shida, na shida kubwa si kusoma na kuandika kama wageni wanavyodhani. Ni saa. Tulipokuwa tukijaribu dodoso moja lililoletwa na karatasi zake tayari zimechapwa kwa mtindo wa saa 24, tulirudi ofisini na kijiji kizima kinachosonga ugali usiku wa manane. Mama kasema "saa moja usiku", kijana wetu kaandika 01:00. Mwingine kasema "saa mbili nilikuwa shambani", ikaandikwa 02:00, na mashine ikaona wakulima hodari kuliko wote duniani. Tangu siku ile sikubali mdadisi aandike tarakimu kabla ya kuuliza alama: ilikuwa kabla ya adhana ya alfajiri au baada? Kengele ya shule ilikuwa imelia? Taarifa ya habari ya saa mbili ilikuwa imeanza? Mtu asiyetazama saa anajua vizuri kabisa kitu gani kilitangulia kingine.

Sasa twende jikoni kwako.

Umeamka saa kumi na robo. (Waliochagua shajara ianze saa kumi alfajiri waliona kwamba saa hiyo karibu kila mtu amelala. Hawakumfikiria muuza maandazi.) Umewasha mkaa, unga uliukanda jana na umeumuka, unasukuma, unakata. Saa kumi na moja karai liko motoni na mwanao kaja na kigoda, kakaa karibu na mlango penye mwanga wa taa, anasoma kwa sauti. Unageuza, unamwambia "rudia hilo neno", unaopoa, unaweka mengine. Saa kumi na mbili unusu anakwenda kuoga. Dakika 90.

Mdadisi wa kwanza ana dodoso lenye nafasi ya shughuli moja tu kwa kila kipindi. Ataandika: anatengeneza bidhaa ya kuuza, dakika 90. Malezi: sifuri.

Wa pili ana nafasi ya shughuli kuu na ya pembeni. Kuu ni maandazi. Ya pembeni inategemea kama atakuuliza, "na wakati huohuo ulikuwa unafanya kitu kingine?" Asipouliza, wewe mwenyewe huenda usiseme, maana kumsikiliza mtoto huku ukikaanga kwako si "kitu", ni asubuhi tu. Akiuliza, labda utasema ulimsomesha dakika kama 40.

Wa tatu ana safu ya "nani alikuwa nawe". Mtoto, dakika 90.

Asubuhi moja, karai moja, na majibu matatu: 0, 40 na 90. Hakuna mdadisi aliyedanganya. Ndiyo maana mtu akiniletea takwimu ya "muda wa familia" nauliza kwanza imetoka safu gani, kabla hata sijauliza ni ya nchi gani.

Kuna jingine dogo la kuchekesha hapo. Umoja wa Mataifa una mwongozo wa kupanga shughuli za binadamu, wa mwaka 2016, wenye mafungu makubwa tisa. Maandazi ya kuuza yanaingia fungu la kwanza, la kazi ya kipato. Maandazi yaleyale ukiyakaanga kwa chai ya wanao yanaingia fungu la tatu, huduma za nyumbani zisizolipwa. Malezi yana fungu lake, la nne. Kwa hiyo ukibakiza manane kwa ajili ya nyumbani, mdadisi mwenye bidii anapaswa kukuuliza manane hayo yalikuchukua muda gani. Sijawahi kumpata aliyeuliza.

Sijaisikia habari hiyo ya redioni, ila nimezisikia nyingi za aina yake. Mara nyingi namba imetoka kwenye safu ya shughuli kuu: dakika ambazo mzazi alikuwa *anamhudumia* mtoto na hafanyi kingine, yaani kumwogesha, kumlisha, kumfundisha, kumpeleka zahanati. Kisha mtangazaji, au aliyemwandikia, akageuza "kuhudumia" kuwa "kukaa na". Kwa Kiswahili maneno hayo yako mbali kama Tanga na Tunduma.

Tena ni wastani. Shajara ya siku moja inawachanganya waliofanya na ambao siku hiyo hawakufanya kabisa. Ukisikia "dakika 20 kwa siku", huenda nusu ya watu walikuwa na dakika 40 na nusu sifuri, na hao wa sifuri jana huenda leo wana 60. Namba hiyo inasema habari ya siku ya nchi. Haisemi chochote juu yako wewe, wala haikukusudiwa kusema. Mtu anayechukua wastani wa shajara na kumnyooshea kidole mzazi mmoja ametumia pima maji kupima homa.

Na siku zenyewe hazilingani. Wamarekani, kwa kulijua hilo, nusu ya shajara zao wanazichukua Jumamosi na Jumapili, kisha kwenye hesabu wanazirudishia uzito wake halisi. Ukichukua Jumanne peke yake, familia nyingi zitaonekana zimevunjika.

Sisi tumepima nini, basi? Tanzania iliweka sehemu ya matumizi ya muda ndani ya utafiti wa nguvukazi mwaka 2006, ikarudia 2014 na 2020/21. Kenya ilifanya utafiti wake wa kwanza wa matumizi ya muda wa nchi nzima mwaka 2021. Matokeo ya Kenya yalisema wanawake hutumia asilimia 18.7 ya siku yao kwa kazi za nyumbani na malezi yasiyolipwa, na wanaume asilimia 3.6. Yaani karibu saa nne na nusu dhidi ya muda usiofika saa moja. Tafiti hizi nazitetea popote, maana ziliweka mezani mzigo ambao kila mtu aliuona na hakuna aliyekuwa na namba yake. Lakini angalia zilichouliza: nani anabeba? Nani yuko na nani ni swali lingine, na kwalo jibu letu bado ni changa.

Ndiyo maana maneno ya "wazazi wa *siku hizi*" yananitia wasiwasi. Kusema kitu kimepungua unahitaji vipimo viwili vya aina moja, cha zamani na cha sasa. Marekani wanavyo, na vinasema kinyume cha manung'uniko ya wazee wao: mwaka 1965 akina mama walitumia kama saa 10 kwa wiki kwa malezi kama shughuli kuu, mwaka 2000 kama saa 13, ingawa wengi zaidi walikuwa wameajiriwa. Akina baba walitoka saa mbili na nusu wakafika sita na nusu. Muda huo ulikatwa kwingine, zaidi kwenye kazi za nyumbani. Usiubebe huo kuja nao Tanga. Nimeutaja kuonyesha tu kwamba hata pale ambapo kila mtu ana uhakika muda umepungua, daftari likifunguliwa linaweza kusema vingine.

Nilikuahidi wale wanaokuja kutazama kwa macho. Hawa nawapenda, japo kazi yao ni ghali na sampuli zao ndogo.

Miaka ya mwisho ya 1960, Ruth na Robert Munroe walifanya kazi kwa Waragoli wa magharibi ya Kenya. Walitaka kujua mtoto mchanga anabebwa kiasi gani na nani. Wangemuuliza mama, angewajibu kwa adabu. Wangekaa uani kutwa, mama angebadilika, maana nani anamwacha mtoto alie mbele ya mgeni? Kwa hiyo ikawa mtazamaji anafika saa isiyotarajiwa, na *kabla hajaonwa* anaipiga hali picha kichwani: mtoto yuko wapi, amebebwa au amelazwa, yuko mikononi mwa nani, nani yuko karibu. Kisha ndipo anabisha hodi. Kila ziara ni nukta moja tu. Kusanya nukta za kutosha na utapata asilimia za siku ya mtoto bila kumuuliza mtu saa. Walichokuta: kadiri nyumba ilivyokuwa na watu wengi, ndivyo mtoto alivyobebwa zaidi na kupokewa haraka alipolia, na mikono ile ya ziada haikuwa ya mama. Ilikuwa ya dada, shangazi, bibi. Shajara ya mama peke yake isingeyaona hayo abadani. Hapa ndipo neno "kaya" linaponiletea ugomvi na wenzangu kila mwaka. Tunaihesabu kwa wanaokula chungu kimoja, kisha tunamhoji mmoja, wakati mtoto wa Kiafrika muda wake wa familia umo mikononi mwa watu watano, wawili wao wakiwa na chungu kingine.

Huko Los Angeles, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kikundi cha Elinor Ochs kiliingia ndani ya nyumba 32 za familia ambazo wazazi wote wawili wanafanya kazi. Kamera zikarekodi zaidi ya saa 1,500, na mtazamaji mmoja akawa anazunguka na kikompyuta, kila dakika kumi anaandika kila mtu yuko chumba gani. Hata mate yao yalichukuliwa kwenye vichupa kupima homoni ya msongo. Watu wakiwa nyumbani, familia nzima ilikutwa chumba kimoja chini ya moja ya tano ya nyakati zilizoandikwa. Kwenye shajara ya kawaida wangeonekana wote "nyumbani na familia" jioni nzima.

Uingereza walikuja kuipima hali hiyo kwa shajara zenyewe. Killian Mullan na Stella Chatzitheochari walilinganisha shajara za watoto wa miaka 8 hadi 16 na za wazazi wao, za mwaka 2000 na za 2015. Muda ambao mtoto na mzazi walikuwa mahali pamoja uliongezeka, kutoka dakika 347 kwa siku hadi 379. Habari njema, ungesema. Kisha wakatazama safu ya "nani alikuwa nawe" aliyoijaza mtoto. Dakika ambazo mtoto yuko nyumbani, mzazi yupo, na mtoto mwenyewe kaandika "niko peke yangu", zilipanda kutoka 95 hadi 136. Ongezeko lote liliishia hapo, na zaidi. Nilipoisoma nilikaa nikajiuliza wanangu wangeandika nini jioni zile ninazosema nilikuwa nao, huku kompyuta iko mapajani.

Kama muda wenyewe una faida gani kwa mtoto, hilo ni bahari nyingine. Nitasema moja tu, maana najua utauliza: Melissa Milkie na wenzake, mwaka 2015, kwa data za Marekani, hawakuona wingi wa saa za mama ukibadili matokeo ya watoto wa miaka 3 hadi 11. Kwa wale wa rika la balehe, muda ambao mama anafanya nao jambo pamoja ulikwenda sambamba na utundu wa hatari kupungua. Kwa hiyo mwenye umri mkubwa, ambaye wengi tunamwachia tukisema ameshakua, ndiye wa kumtazama.

Nimalizie na mwenye lori. Kwa shajara ya kawaida mumeo, ndiyo, anahesabiwa hayupo. Tena ana bahati mbaya mara mbili: mdadisi akifika kwenu uwezekano wa kumkuta ni mdogo, na simu ya kila usiku inaingia fungu la mawasiliano, haiingii safu ya "nani alikuwa nawe", kwani safu ile ni ya walio mahali pamoja. Ila watafiti wa ubaba hawakuridhika na hilo. Michael Lamb na Joseph Pleck na wenzao, miaka ya 1980, waligawa kuwepo kwa baba mafungu matatu: kushughulika na mtoto ana kwa ana, kuwa karibu anapoweza kuitwa, na kubeba dhamana, yaani ndiye anayekumbuka ada, chanjo, viatu vilivyobana, na kuhakikisha vimeshughulikiwa. Hilo la tatu halina dakika. Anaweza kulifanya akiwa kwenye foleni ya malori Tunduma, mkono mmoja kwenye usukani. Dodoso chache mno zinaliuliza, na mimi nimelipigania kwenye vikao kadhaa nikashindwa kwa hoja ya urefu wa mahojiano.

Ukitaka kujipima mwenyewe, chukua daftari la kawaida la kurasa 40. Chora safu nne: saa, nilikuwa nafanya nini, na kingine nini, nani alikuwepo. Jaza jioni kwa siku saba, moja iwe Jumapili na mbili ziwe za baba yao akiwa nyumbani. Mpe na huyo msomaji wako wa alfajiri daftari lake, ajaze bila kuangalia lako. Siku ya nane yafungueni, mtazame kwanza kile kipande cha kuanzia saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili unusu, kwenye safu ya nne ya daftari lake.